Vitanda Vilivyohamia Gerezani

9 Januari

Kwa Mkuu wa Gereza,

Nimeanza na cheo chako kwa sababu najua ndicho unachopenda kuitwa. Mama alikupa jina zuri tu, lakini tangu wakuongezee nyota begani naona limekuwa jepesi kwako.

Usinipigie simu. Namba yako nimeifunga. Kwa simu wewe unapandisha sauti, mimi napandisha yangu, mwisho mmoja anakata na hakuna lililosemwa. Ukiwa na neno, andika. Walau kalamu haiwezi kubwata.

Jana tumelifunga bweni. Ofisi ya elimu ilileta barua ya mistari minne, na mmoja katika hiyo minne ulikuwa salamu. Kitengo cha viziwi "kimesitishwa kwa muda, hadi hali itakaporuhusu." Sasa huyo Hali ni nani? Ningemjua ningemfuata nyumbani kwake nikakae mlangoni. Miaka ishirini na moja nafundisha watoto wasiosikia, na nimefukuzwa na mtu asiyekuwepo.

Walikuwa watoto thelathini na wanne. Wazazi walianza kuja saa mbili asubuhi. Kuna mama alisimama getini akamwita mwanawe kwa sauti, mara tatu, kisha akanigeukia: "Unamwona alivyo na kiburi, Mwalimu?" Mtoto yuko kwangu mwaka wa nne na mama yake bado hajaamini kwamba kiziwi hasikii. Huko ndiko nilikomrudisha. Atakaa jikoni pembeni ya ukuta, watamtupia maneno asiyoyaona, na mwaka ukiisha vidole vyake vitakuwa vimesahau. Wawili hawakujiwa na mtu. Wako sebuleni kwangu, wamegawana kochi, miguu ya huyu usoni kwa yule.

Watoto hawajaisha kuondoka, likaja lori la serikali kubeba vitanda. Dereva alisema vinakwenda stoo. Vitanda vile kichwani vina wanyama niliowapaka rangi kwa mkono wangu, kobe, bata, tembo, punda, kwa sababu wadogo hawajui bado kusoma majina yao na lazima kila mtu ajue pake pa kulala. Nikamwomba dereva anionyeshe karatasi. Akanionyesha mgongo.

Na jioni nikakuona gazetini umeshika mkasi. Jengo jipya la wanawake! Ukuta mpya! Minara miwili! Malori yenu ya matofali yamepita mbele ya darasa langu mwezi mzima, na mgao wetu sisi ulikuwa vumbi. Najua ulikuwa kwenye kamati iliyogawa fedha hizo. Nakuuliza jambo dogo tu, na mtu mwenye nyota begani hatashindwa kulijibu: walipoulizwa nani anaunga mkono kitengo kisitishwe, wewe ulinyoosha mkono?

Dada yako


27 Januari

Kwa Dada, Mwalimu wa Wasiosikia na Msemaji Asiyenyamaza,

Barua yako imefika, imesomwa, na imenichekesha. Nimefurahi kujua bado una ulimi ule ule uliokukosesha ukuu wa shule mara mbili.

Kamati ina watu kumi na mmoja. Mimi ni kiti kimoja. Ukitaka kumjua Hali, mwulize mwenyekiti.

Sasa nisikilize na wewe, kama unaweza. Wewe ulikuwa na watoto thelathini na wanne. Mimi nina watu mia saba katika nyumba iliyojengwa kwa watu mia mbili. Wanalala kwa zamu, Dada. Wanawake walikuwa wamerundikwa katika kilichokuwa ghala la majembe. Wewe ukifunga shule, mtoto anarudi kwa mama yake. Mimi nikifunga gereza, wangu wanarudi kwako, na hawapiti mlangoni. Wananchi wanajua hilo. Hakuna anayekosa usingizi kwa sababu kuna mtoto mahali fulani hajui kupunga vidole. Wanakosa usingizi kwa sababu ya wezi. Serikali inatoa fedha panapoogopwa. Hizo ndizo hesabu, wala sikuzitunga mimi. Baba alivaa gwanda hili miaka thelathini, na mshahara wake ndio uliokununulia chaki zako za kwanza.

Unadhani nakaa ofisini nakunywa chai. Nikupe mfano wa ninaolala nao macho. Nina mahabusu mmoja, msichana, kesi ya wizi. Askari wangu wamempa jina, Bi Kiburi. Ukimwita namba yake kwenye paredi, haitiki. Ukimwambia kaa, amesimama. Ukimwambia simama, anakukodolea macho ya samaki. Mahakamani amepelekwa mara saba, na mara saba hakimu kamsomea mashtaka na yeye kimya, kama anayesomewa habari za jirani. Hakimu amechoka, anaahirisha tu. Daktari alipita akaandika "mkaidi."

Tangu tuhamie jengo jipya ndiyo ameota pembe kabisa. Kila asubuhi nikipita anatoka mstarini, ananisimamia mbele, anapitisha vidole viwili juu ya nyusi, halafu anagonga kifua kwa ngumi, tap, tap. Anawafanyia askari wote. Mmoja akaanza kusema ni uchawi, mwingine akapata homa, basi ikawa vurugu. Nimemweka selo ya adhabu apoe kidogo. Watu wa namna hii ndio ninaowalisha, na wewe unataka nikose usingizi kwa ajili ya bata na punda.

Mdogo wako


2 Februari

Wewe,

Barua hii nimempa dereva wa basi kwa mkono, nimemlipia nauli kama abiria, ifike kesho.

Si uchawi. Ni jina lake.

Vidole viwili juu ya nyusi, kwa sababu alikuja kwangu ana miaka saba na alama ya kushonwa kwenye nyusi ya kushoto. Ngumi kifuani ni "mimi." Kila asubuhi anakusimamia mbele na kukwambia: Mimi ni Nyusi. Jina hilo nilimpa mimi. Nyumbani kwao hakuwa na lolote, walimwita kwa kumgonga bega. Alikaa kwangu miaka minane, akamaliza, na hakupata kuwa na neno baya na mtu.

Huna mkaidi hapo. Una kiziwi. Umemchukua mtu asiyesikia, umemwamrisha kwa mdomo, na alipokosa kutii ukamwadhibu kwa kutosikia. Daktari wako alimwangalia nini, kucha? Na mabwana wa mahakama, mara saba, hakuna hata mmoja aliyepiga makofi nyuma ya kichwa chake aone kama atashtuka?

Na hiyo selo ya adhabu ninaijua. Baba alitupitisha pale siku moja tukiwa wadogo, ukajificha nyuma yangu. Haina dirisha. Kiziwi dunia yake yote iko machoni. Ukimtia gizani hujamtenga tu na wenzake. Umemzika, umeacha pua nje.

Mtoe leo. Niandikie siku ya wageni ni lini. Nakuja.

Dada


13 Februari

Dada,

Umeandika kama mtu anayezungumza na mhuni. Mimi ni ofisa wa serikali na nimechukua hatua.

Nimemwita daktari mwingine. Ni kweli, hasikii. Kwenye faili halikuandikwa popote, na mimi nafanya kazi kwa faili. Polisi walimleta na karatasi iliyosema mtuhumiwa amekataa kutaja jina, na mimi nilimpokea na karatasi hiyo. Nilimtoa selo siku ile ile barua yako ilipofika. Yuko salama, anakula, ana kitanda.

Kesi ni hii: fundi cherehani mmoja mjini alimwajiri. Anadai msichana alitoroka na cherehani ya dukani, akakamatwa nayo kichwani barabarani, mchana kweupe.

Nimeomba makao makuu wanipatie mkalimani wa lugha ya alama. Wamejibu haraka kuliko kawaida: hakuna fungu. Nimewaandikia tena. Hakuna fungu. Kwa hiyo ukija utakuwa umekuja kama mgeni wa kawaida, tarehe 22, saa nne, na vitambulisho. Usilete kelele. Askari wangu wanaheshimu utaratibu.

Mdogo wako


23 Februari

Kwa Mkuu wa Gereza,

Jana nilifika saa tatu na nusu. Nilikaa kwenye benchi la wageni hadi saa sita, nikitazama dirisha la ofisi yako. Pazia lilikuwa linacheza. Hukutoka. Nilitaka nikuandikie kwamba nilishangaa, lakini nimefundishwa kutodanganya kwenye karatasi.

Wakamleta Nyusi, amefungwa pingu. Nikamwuliza yule askari mnene mwenye jino la fedha, "Mama, mbona mikono?" Akasema, "Maagizo. Anaitumia vibaya." Ndugu yangu, huko ndiko mlikomfunga! Mtu mwingine mkimfunga pingu mmemzuia kupiga. Huyu mmemkata ulimi, halafu mmemleta aongee na mgeni. Nilikataa kukaa. Nilisimama katikati ya chumba kile nikaanza kuzungumza kwa sauti, wewe unaijua sauti yangu, mpaka wageni wote wakanyamaza na yule mama akaona heri afungue.

Hakulia. Aliisugua mikono, akaanza kuongea, na aliongea kama bomba lililozibuka. Miezi kumi na minne, mdogo wangu. Miezi kumi na minne hajazungumza na mtu. Kuna vitu nilimwambia arudie, si kwamba sikuelewa, ila vidole vilikuwa vinakwaa kama miguu ya mtu aliyetoka kitandani baada ya maradhi.

Cherehani ni yake. Tulimpa sisi. Zamani, fedha zilipokuwa zinatufikia, kila anayemaliza tulimpa kifaa cha kazi aliyojifunza, na namba yake tukaiandika kwenye daftari la wahitimu na mwenyewe akasaini. Daftari ninalo. Namba imegongwa kwenye chuma, na haiwezi kuhongwa. Alifanya kazi kwa yule fundi kwa cherehani yake mwenyewe, akachoka kutukanwa kwa ishara za ovyo, akabeba mali yake akaondoka. Fundi akapiga kelele za mwizi. Nani atamwuliza kiziwi?

Sasa nikwambie mengine, ambayo hukuyaandika.

Hukumtoa siku ile ile. Ulimtoa tarehe 20, siku mbili kabla sijafika. Alinionyesha uzi alioufuma kwenye upindo wa sketi. Ni uzi wa blanketi la selo, ana mazoea nao, ni fundi. Kila alipoletewa chakula cha asubuhi alifunga fundo. Nimeyahesabu mara mbili kwa kidole, kwa sababu nilitaka awe amekosea. Mafundo thelathini na matatu. Barua yangu ulikuwa nayo tarehe 3. Kwa hiyo kwa siku kumi na saba ulikuwa unajua ni kiziwi na bado ukamwacha gizani, na katikati ya siku hizo ukakaa mezani ukaniandikia "yuko salama." Kwa nini? Ulikuwa unangoja saini ya nani?

Na vitanda nimeviona. Mlango wa jengo lako jipya ulikuwa wazi wakifagia. Nilimwona bata. Nilimwona punda mwenye sikio moja, lile jingine rangi iliniishia. Stoo!

Nilimwuliza Nyusi kwa nini alianza kukusimamia mbele kila asubuhi. Hukuniuliza, lakini nakwambia. Mwaka mzima alikuwa amekata tamaa, amekaa kimya kama mlivyotaka. Halafu Januari vikaingizwa vitanda, akawaona wale wanyama, akadhani shule imehamia humo. Akadhani nakuja. Akadhani kuanzia siku hiyo lazima kuna mtu mle ndani anayejua kusoma mikono, basi akawa anawajaribu mmoja mmoja, na wewe bosi wao akakujaribu kila siku, kwa adabu, kwa kujitambulisha kwanza kama nilivyomfunza. Ukampa siku thelathini na tatu.

Kesi ni tarehe 6. Hakimu amenikubali niwe mkalimani, bila malipo, hilo fungu ninalo.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Nakuomba usome hii ukiwa umekaa.

Sitabishana kuhusu siku. Ukimtoa mtu selo ya adhabu kabla ya muda wake lazima uandike sababu, na sababu ilikuwa kwamba tulikosea. Hati hiyo inakwenda makao makuu. Nilikuwa nasubiri muda wake uishe wenyewe, atoke bila karatasi. Hivyo tu. Si ukatili, ni makaratasi. Wewe hujawahi kufanya kazi mahali ambapo karatasi moja inaweza kukumaliza.

Jina langu liko mezani kwa kupandishwa. Ni mwezi huu. Ninachoomba ni kidogo: kalimani habari ya cherehani. Ana haki hapo, atashinda, ataondoka huru, na mimi nitafurahi pamoja nanyi. Mengine hayahusiani na shtaka. Hakimu hatauliza. Akiuliza, unajua mwenyewe kuna namna ya kufupisha. Nani atajua? Katika chumba kile wewe peke yako ndiye unayeelewa anachosema.

Vitanda nitaangalia la kufanya.

Mama angekuwa hai angekwambia usimvue nguo mdogo wako mbele za watu.

Mdogo wako


7 Machi

Mdogo wangu,

Sikukujibu ile ya tarehe 2 kwa sababu nilitaka jibu ulipate kwa macho. Ulikuwa mstari wa mbele na gwanda lako limepigwa pasi, lakini ulitoka kabla ya mwisho, kwa hiyo nakuandikia ulichokikosa. Nianze na ulichokiona, usije ukajisimulia vingine.

Niliapishwa. Mkalimani anaapa asiongeze wala asipunguze. Nilipotamka "asipunguze" nilikutazama, nawe ukatazama viatu.

Hakimu akasoma shtaka, nami nikaliweka mikononi. Nyusi akatikisa kichwa, akasema si kweli. Basi! Miezi kumi na minne, na jibu lilichukua muda wa kupiga chafya. Daftari likafunguliwa, cherehani ikaletwa mezani, karani akainama na miwani yake akaisoma namba, tarakimu moja moja. Fundi akaanza kusema labda alichanganya, duka lake lina cherehani nyingi. Hakimu akamwuliza nyingi ni ngapi. Akasema mbili.

Hapo ukadhani yamekwisha, nilikuona unavaa kofia. Lakini hakimu alikuwa na haya, na mtu mwenye haya hupenda kuuliza ili aonekane hakuwa na kosa. "Muulize, kwa nini siku zote hizo nilipomsomea hakunijibu?"

Nikauliza. Nyusi akamtazama kama anayetazama mtoto wa darasa la kwanza. Nikatamka alichosema, neno kwa neno: "Hujaniuliza. Ulikuwa unachezesha mdomo."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha wenyewe.

"Muulize alitendewaje gerezani."

Nilijua unanitazama. Namna ya kufupisha ipo, ulisema kweli. Ningeweza kusema "alitendewa kama wengine," na dari la mahakama lisingetuangukia. Niliuliza swali kama lilivyo. Akatoa uzi kwenye upindo, akaunyoosha mezani mbele ya hakimu, akaeleza giza. Alieleza kwamba siku za mwanzo aliinua mikono usoni aone inasema nini na hakuiona, akaogopa kwamba imekwenda. Nilitamka vyote. Sauti ilinikatika mara moja, nikarudia pale ilipokatika. Ndipo ulipotoka.

Sasa ulichokikosa. Hakimu alisema yuko huru. Akamwuliza kama ana la kuongeza, vile wanavyouliza kwa desturi, na kalamu ameshaifunga. Nyusi akasema analo. Akauliza: "Wale watoto wa vitanda, wanalala wapi sasa?"

Hakimu akanitazama mimi. Nikasema, mheshimiwa, nimeapa nisijibu, nimeapa nikalimani tu. Akafikiri. Akasema, "Mwambie swali hilo si la mahakama hii."

Nikamwambia. Akauliza, "Ni la mahakama gani?"

Mwandishi wa gazeti aliandika. Hakimu hakuandika kitu.

Kuhusu Mama: Mama alikuchapa siku ulipomfungia paka kwenye debe. Usimtoe kaburini aje kukutetea.

Dada


24 Aprili

Dada,

Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua niandike kama nani.

Gazeti limefanya kazi yake. Nimepewa onyo la maandishi, na kupandishwa kumeahirishwa, hadi hali itakaporuhusu. Cheka, nimeshajua utacheka. Fundi wa cherehani ameshtakiwa kwa kuwadanganya polisi, na jana ameletwa kwangu mahabusu. Analalamika kutwa nzima kwamba hakuna anayemsikiliza.

Uliniuliza Januari kama nilinyoosha mkono. Nilinyoosha. Nilikuwa wa kwanza. Mwenyekiti aliuliza nani ana dada pale, nikaona wote wananitazama, nikaunyoosha haraka ili wasiseme napendelea. Na vitanda niliviomba mimi. Vilikuwa vizuri, vya chuma, na vyangu vilikuwa havijaja.

Baada ya kesi niliingia selo ile mchana, nikamwambia askari afunge nyuma yangu na aende zake. Nilikusudia saa moja. Sitakwambia nilikaa muda gani, ila askari hakuwa amefika mbali.

Sasa kuna jambo la kazi. Makao makuu wameona aibu, na wakiona aibu huwa hawana mchezo. Wametoa waraka: magereza yote yafundishe askari lugha ya alama. Fedha zimeidhinishwa ndani ya siku tisa. Siku tisa! Mwalimu, msaidizi, ubao, madawati, chakula cha mchana kwa watakaohudhuria, ukarabati wa jengo la mafunzo. Gereza letu ndilo la kuanzia. Najua utaniona sina haya kukuomba. Wewe ndiye unayeweza, na Nyusi. Ukikataa watampa mkandarasi.

Naambatanisha orodha ya makao makuu, maneno kumi na mawili ya kuanzia.

Mdogo wako


15 Mei

Mdogo wangu,

Nimekubali. Usifurahi haraka, soma kwanza.

Waraka wenu nimeusoma hadi nyuma, jambo ambalo naona hakuna kati yenu aliyelifanya. Unasema mafunzo yafanyike "katika jengo lolote la serikali lenye nafasi." Nikawaandikia makao makuu kwamba ninalo: bweni la shule yangu, jengo la serikali, na nafasi ipo kwa kuwa walilifagia wenyewe. Unasema tena mwalimu "atatumia watu wenye kujua lugha hiyo kwa mazoezi." Nikawaandikia kwamba ninao, thelathini na wanne, wafupi. Wakasaini. Sidhani waliuliza urefu.

Kwa hiyo mlango umefunguliwa. Juu yake mafundi wenu wamepiga bango: Kituo cha Mafunzo cha Magereza. Watoto wangu wanapita chini ya bango hilo wanakwenda kwenye ubao mpya, madawati mapya, na sahani ya mchana inayolipwa na fungu la jela. Ishirini na sita wamesharudi. Wanane bado nawatafuta, na mmoja wao mama yake ananiambia amempeleka kwa ndugu kuchunga, hakumbuki vizuri wapi. Wewe una nyota begani na gari. Mtafute.

Nataka ulielewe vizuri nililolifanya, maana silionei fahari. Nilipoomba ubao kwa ajili ya watoto, miaka mitano nilijibiwa hakuna fungu. Nilipouomba kwa ajili ya askari ulikuja na mafundi wa kuupachika. Mtoto kiziwi nchi hii inamwona mara mbili: akiwa ameshafungwa, au akiwa ameazimwa kufundishia wanaofunga. Wenzako waliosaini ni watu wazima, wana watoto wao, wanavaa tai. Ningekuwa na mate ya kutosha ningewagawia.

Orodha yenu ya maneno kumi na mawili nilimpa Nyusi, ndiye anayeongoza darasa la askari. Simama. Kaa. Panga mstari. Nyoosha mikono. Alipofika la tano alisimama, akarudi, akalisoma tena kwa kidole, akanigeuzia karatasi nione. Nyamaza. Makao makuu wanataka askari wajifunze kumwambia kiziwi anyamaze. Alicheka mpaka akashika meza, nami nikacheka, na watoto ambao hawakujua tunacheka nini wakacheka pia. Kisha akachukua kalamu nyekundu akaifuta orodha nzima, mstari mmoja kutoka juu hadi chini.

Somo la kwanza kachagua mwenyewe. Ni "Unaumwa wapi?" Jumatano askari wako kumi na wanne walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu, wakijifunza kuuliza hivyo. Yule mama mwenye jino la fedha ndiye aliyekuwa mzito kuliko wote, vidole kama ndizi. Nyusi hakumhurumia. Alimrudisha mbele mara nne. Mara ya tano akamkalisha na binti wa miaka sita, yule aliyekuwa kwenye kochi langu, amwulize.

Akamwuliza. Binti akamjibu, jibu refu, la mkono huu na mkono huu. Yule mama hakuambulia kitu. Miaka ishirini kazini, na alikaa pale jasho linamtoka, akanitazama mimi nimsaidie. Nikatazama dirishani. Basi akamwomba mtoto arudie.

Mtoto akarudia, taratibu zaidi.

Jumatano ijayo saa nne kuna dawati lako, la nyuma. Njoo bila gwanda.

Dada yako